Samaki wa Siku za Mbalamwezi

Kuna makala moja ya kisayansi iliyobeba jina langu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka. Ilihusu ndakala, dagaa wa ziwa letu, wanaoshushwa hapa Kalemie. Mwandishi wa kwanza alikuwa mkuu wa idara yetu chuoni, profesa, ambaye kwa muda wote wa kazi ile hakukanyaga mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, hata asubuhi moja. Wa pili nilikuwa mimi, asistanti wake, mwanamke aliyechubuka magoti kwa kupiga magoti mchangani mbele ya mabeseni ya watu.

Kanuni za majarida ya kitaaluma zinajulikana. Mwandishi ni yule aliyefanya kazi na anayeweza kuitetea. Nimezifundisha kanuni hizo kwa wanafunzi, nikaziandika ubaoni kwa chaki, nikawatungia mtihani. Lakini katika idara yetu jina la mkuu hutangulia, hata kama mkuu mwenyewe hajui karatasi inasema nini. Wanaiita heshima. Asistanti mpya anaambiwa siku ya kwanza, kama anavyoambiwa choo kiko wapi. Nami nilikubali kwa sababu nilitaka kupanda cheo, na bila makala cheo hakiji.

Kazi yenyewe niliipenda. Mitumbwi ilirudi alfajiri, nami nilikuwa pale na mizani na kalamu. Wanawake wa mwaloni walinidhania mtu wa kodi, wakageuza mabeseni yao upande. Aliyenifungulia njia alikuwa mama mmoja aliyetoka pwani ya kaskazini ya ziwa miaka mingi iliyopita pamoja na mume wake mvuvi, anayenunua ndakala wabichi na kuwaanika. Aliwaambia wenzake, "Mumuache apime. Huyu ni mutoto wa hapa, baba yake alitumika ku reli." Tangu siku hiyo beseni lake lilikuwa la kwanza kwenye mizani yangu, na wengine wakafuata.

Ndakala wetu huvuliwa usiku kwa taa. Samaki wanaifuata taa, wavu unawapandisha. Mwezi ukiwa mkubwa, ziwa lote linang'aa, samaki wanatawanyika na taa haina maana tena. Basi kila mwezi kuna karibu wiki nzima ambayo mitumbwi haitoki. Wanaume wanashona nyavu, wanawake wanaenda shambani au wanafanya harusi zao na matanga yao. Katika jedwali langu siku hizo niliziacha wazi. Mtoto yeyote wa Kalemie angejua kwa nini ziko wazi.

Mhakiki wa jarida, mtu wa mbali tusiyemjua, aliuliza kwa adabu: mbona kuna nafasi tupu? Lilikuwa swali zuri, na jibu lake lilikuwa neno moja. Profesa aliniita katika ofisi yake. Alikuwa amekwisha kuzijaza.

"Papa Profesa," nilimwambia, "hizi siku ni za mbalamwezi. Watu hawaendaka ku maji."

"Revi, hii jarida yao, haipendi mashimo, mama. Nilitia moyenne, wastani ya siku zingine. Njo namna dunia yote inafanya."

"Lakini tukiwaandikia tu kama hakuna mutumbwi ulitoka, watasikia."

"Unataka cheo ao hautaki?"

Aliuliza kwa upole, na upole ule ndio unaonikera zaidi. Mtu huyu alikulia bara, mbali na maji, na hilo si kosa. Kosa ni kwamba aliketi mahali ambapo angefungua dirisha tu akaliona ziwa, akachukua wastani wa siku za kuvua na kuumwaga katika siku za kupumzika. Alivua samaki kwa kalamu.

Siku chache baadaye jarida lilituma ujumbe kwa waandishi wote wawili. Kila mmoja aliulizwa kama ameisoma nakala ya mwisho na kama anakubali yaliyomo. Niliisoma kwenye simu yangu, nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi. Niliziona zile namba. Nikabonyeza "nakubali", nikajiambia kwamba ninatii amri tu.

Makala ilipotoka, idara ilifanya karamu ndogo ya soda na biskuti. Profesa alitoa hotuba. Mimi nilipiga makofi na wengine, na huo ndio ungekuwa mwisho wake kama makala ingebaki pale zinapobaki makala nyingi, mahali ambapo hakuna anayezisoma. Hii ilisomwa. Katika mkutano mmoja kuhusu uvuvi, mtu wa ofisi ya uvuvi aliinua nakala yake akasema sayansi imethibitisha kwamba wavuvi wa Kalemie hawapumziki hata siku moja kwa mwezi. Kwa hiyo akapendekeza wazuiwe wiki moja kila mwezi, na wiki aliyoichagua ilikuwa ya giza, wiki ambayo ndakala wanapatikana. Wangepoteza wiki ya mwezi kwa sababu ya mwezi, na wiki ya giza kwa sababu yetu.

Yule mama alikuwa mkutanoni. Kesho yake nilimkuta akiwageuza samaki wake juu ya vichanja, nikaanza kumsaidia. Hakunisalimia kwanza. Aliniomba nimsomee ile karatasi, nami nikamsomea, namba baada ya namba, nikimtafsiria kutoka Kifaransa. Alinisimamisha mapema.

"Hapo. Hiyo wiki njo tulimuzika mama mukwe wangu. Wavuvi wote walikuwa ku matanga, mbalamwezi ilikuwa pale juu. Huyu samaki nani alimuuza?"

Nilitoka pale nikapanda pikipiki moja kwa moja hadi kwa profesa, nikiwa bado nina magamba kwenye mikono. Nilimwambia tuandikie jarida, tukubali kosa, waisahihishe au waifute. Alivua miwani.

"Utaua jina ya shule juu ya beseni ya ndakala?"

Nilimwambia jina la shule limeuawa na yeye. Hakuna asistanti anayezungumza hivyo na mkuu wake hapa kwetu, na nilipofika mlangoni nilijua cheo changu nimekiacha juu ya meza yake. Sikujali. Kusema kweli nilifurahi. Nilikuwa na hasira safi, yenye mtu mmoja wa kulaumiwa, na hasira ya namna hiyo inashibisha.

Niliiandika barua kwa mhariri siku mbili. Ilikuwa ndefu. Ndani yake kulikuwa na profesa aliyelazimisha jina lake kutangulia, profesa ambaye hakuja mwaloni, profesa aliyejaza nafasi tupu, profesa aliyenitisha. Kila sentensi ilikuwa kweli. Niliipenda barua ile kuliko makala yenyewe, hata nikaichukua kwenda kumsomea yule mama kabla ya kuituma. Nilitaka asikie ninavyompigania. Nilitaka anisifu, niseme ukweli.

Alisikiliza hadi mwisho, mikono ikifanya kazi yake.

"Na weye," akauliza, "hii mambo uliijua siku gani?"

"Mbele makala itoke."

"Walikuuliza?"

"Waliniuliza."

"Ulijibu nini?"

Nilimwambia nilijibu ndiyo. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi hiyo barua haiko bado na mambo yote," kisha akaniomba nisogee kidogo, kwa sababu nilikuwa ninawafunika jua samaki wake.

Nilimkasirikia. Njia nzima hadi nyumbani nilimkasirikia mwanamke aliyenifungulia mwalo, nikijiuliza anajua nini kuhusu vyeo na maprofesa na namna asistanti anavyoweza kubanwa. Nilipofika niliisoma tena barua yangu na nikaona alichokiona yeye. Katika kurasa zote zile mimi sikuwemo. Nilikuwa nimewafanyia wasomaji wa jarida kitu kilekile alichowafanyia profesa, nikapajaza mahali pangu kwa makosa yake.

Niliifuta. Niliandika mistari michache. Kwamba namba za siku zifuatazo si za kweli, kwa sababu siku hizo hakuna aliyevua. Kwamba ziliwekwa na mwandishi wa kwanza. Kwamba mwandishi wa pili, yaani mimi, niliziona kabla ya kuchapishwa, nilijua ni za uongo, na nilipoulizwa nilikubali. Niliituma mchana kweupe, kabla sijapata muda wa kuipamba.

Mhariri alichukua majuma mengi, akauliza maswali, akataka picha za daftari langu la mwaloni. Mwishowe makala ilifutwa, na tangazo likataja majina yote mawili. Profesa bado ni mkuu wa idara, na bado anatanguliza jina lake kwenye kazi za wengine. Nikimwona anavyotembea koridoni, mikono nyuma, ninatamani kupiga kelele. Hasira hiyo sitaiacha, na sioni kwa nini niiache.

Lakini tangazo lile liko kwenye mtandao, kwa Kifaransa, na mwaloni hakuna anayelisoma. Yule mama ndiye aliyeniambia kwamba Jumatano wavuvi wana mkutano kuhusu ile wiki ya kuzuiwa. "Utakuja, utawaambia weye mwenyewe," alisema. Haikuwa ombi.

Nilienda. Nilisimama mbele ya watu ambao nimewapimia samaki wao, nikawaeleza kwa Kiswahili chetu kilichotokea na kwamba karatasi ile sasa imefutwa. Kisha mvuvi mmoja wa umri wa baba yangu, mwenye wavu mapajani ambao hakuacha kuushona, aliuliza aliyeandika kwamba wao walivua siku za mbalamwezi ni profesa au ni mimi.

Nikamjibu kwamba ni sisi wawili.