Mbaazi Kumi na Moja Nilizozing'oa

Mke wangu alikuwa mtu wa Lindi, lakini alizikwa kwetu Kilimanjaro, kwenye migomba ya baba yangu. Ndivyo tulivyo sisi. Hata uishi Kariakoo miaka thelathini, ukifa unarudishwa mlimani. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama angependa kulala kwenye baridi ile. Hata mimi sikumuuliza.

Kila sikukuu alijipaka liwa. Alikuwa na jiwe lake la kusugulia kipande cha msandali na maji kidogo, mpaka chumba kizima kinanukia. Alipofariki nililifunga jiwe lile kwenye kanga yake nikaliweka juu ya kabati. Mwaka wa kwanza harufu ilikuwapo. Mwaka wa pili nilifungua kanga nikanusa, nikapata harufu ya vumbi. Siku hiyo nililia, mtu mzima mimi, halafu nikaamua kwamba nitapanda msandali kaburini kwake. Najua mti ule unachukua miaka mingi mno kabla kiini chake hakijaanza kunukia, na mimi sitakuwapo. Niliamua hivyo hivyo.

Nikapanda pantoni pale Magogoni nikavuka kwenda Kigamboni, kwa bwana mmoja mwenye kitalu cha miche. Alinipa mbegu na maelekezo: otesha kwenye mchanga, miche ikitoa majani hamishia kwenye viriba vya plastiki, halafu kila kiriba tia mbegu moja ya mbaazi pembeni ya mche. Sikuuliza mbaazi za nini. Zamani ningeuliza. Au niseme ukweli, zamani mke wangu angeuliza, mimi ningesimama nyuma yake nimeshika mfuko.

Kitalu changu kilikuwa juu ya paa la zege la jengo tunalopanga, kati ya matangi ya maji na kamba za kuanikia nguo. Mbegu zilikaa kwenye mchanga wiki nyingi bila dalili yoyote, mpaka nikaanza kuzisema vibaya. Mwishowe ikaota miche kumi na miwili. Nikaipanga kwenye viriba vyake, kila mmoja na mbaazi yake, na kila asubuhi kabla ya kufungua duka nikapandisha dumu la maji ghorofa nne. Chini wauzaji wanaita wateja, vipaza sauti vinashindana, watu hawana pa kukanyaga. Juu nilikuwa mimi na miche. Kuna siku neno langu la kwanza nilimwambia mteja, saa nne, na sauti ikatoka imekwaruza.

Sisemi sikuwa na jirani. Ghorofa ya chini yetu alikaa mama mmoja wa Lindi, rafiki wa mke wangu, ambaye tangu msiba alikuwa ananiletea mbaazi za nazi na maandazi kwenye bakuli lenye kifuniko. Asubuhi moja nilimwambia, "Usijisumbue tena, nakula dukani." Uongo mtupu. Sikutaka kuonewa huruma, basi. Akasema, "Haya, shemeji," akashuka na bakuli lake likiwa bado la moto.

Kufikia mwezi wa nane mbaazi zilikuwa zimeipita miche kimo. Mimi nililelewa kwenye kahawa. Baba yangu alikuwa hataki kuona hata jani moja la kigeni chini ya miti yake ya kahawa. Ukiliacha, unakula kofi. Nikaziangalia mbaazi zile, nikaona wezi wa maji ninayoyabeba kwa mgongo wangu. Jumapili baada ya ibada nikazing'oa, moja baada ya nyingine. Zilishika udongo kwa nguvu, nami nikavuta. Nilipomaliza nikasimama nikasifu kazi yangu.

Baada ya wiki chache majani yakawa ya njano. Nikaongeza maji, nikaongeza mbolea. Yakapukutika. Ndipo nikampigia yule bwana wa Kigamboni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Miche yako inakufa."

"Mbaazi zipo?"

"Nimeng'oa. Zilikuwa zinaisonga."

"Mzee, msandali haujitoshelezi. Mizizi yake inaishika mizizi ya mwenzake, inanyonya humo. Umeing'oa ile iliyokuwa inailisha."

Nilimfokea kwamba hakuniambia. Akajibu kwa upole, "Hukuniuliza." Nikakata simu. Nilijiona mjinga, na zaidi ya ujinga nilijiona mpweke, kwa sababu sikuwa na mtu wa kumsimulia nilivyo mjinga.

Ilikufa kumi na mmoja. Wa kumi na mbili nilikuwa nimeuruka kwenye kona, nyuma ya kanga ya yule mama iliyoanikwa siku ile ya kung'oa. Ulikuwa wa kijani, umesimama na mbaazi yake.

Desemba nilipanda basi kwenda nyumbani na kiriba kile mapajani, toka Dar mpaka Moshi. Kesho yake asubuhi nilichimba shimo kando ya kaburi, nikashusha mche na mbaazi yake pamoja bila kuvunja bonge la udongo. Mdogo wangu, anayetunza shamba, alikuwa amesimama pembeni. Aliinama, akaikamata mbaazi shinani.

"Hii nayo imejiotea humu, kaka. Ngoja niitoe."

Nikamdaka mkono. Nilimshika kwa nguvu mpaka akashtuka.

"Iache! Bila hiyo mti wa shemeji yako unakufa. Hauwezi kuishi peke yake."

Akaiachia mbaazi taratibu. Akautazama mche, akalitazama kaburi, kisha akanitazama mimi.

"Na wewe kaka," akasema, "kule Dar unakula na nani?"

Nililikumbuka lile bakuli lenye kifuniko, likishuka ngazi. Niliinama nikaendelea kushindilia udongo kuizunguka mbaazi.