Klarineti ya Stergios

Polikseni alikuwa na hasira za karibu, na kila Agosti, sikukuu ya Bikira Maria ilipowapandisha wageni mlimani kutoka Athene, hasira hizo zilipanda nao. Mwaka mzima kijiji kilibaki na wazee wachache, naye kila jioni alifungua mtandaoni video ya marehemu mumewe, Stergios, akipiga klarineti. Simu yake kuukuu haikuwa na nafasi ya kuihifadhi. Wageni walipofika, video ikakataa kufunguka.

"Shangazi, usinimeze," alisema Apostolis, mtoto wa kaka yake, fundi wa mnara wa simu. "Njia ya mtandao kuja huku juu ni nyembamba. Mnarani kuna sanduku linaloweka akiba ya vinavyoombwa na wengi, visisafiri upya kila mara. Wageni wanataka mpira. Stergios anaombwa na wewe peke yako."

"Kwa hiyo marehemu wangu kafukuzwa kwa ajili ya mpira? Na mnara wenyewe uko shambani kwangu!"

"Wengi wape, shangazi."

"Nitawapa!"

Ndiye aliyepika mbuzi wa sikukuu. Mchana, uwanja wa kanisa ulipofurika, alisimama mbele ya sufuria na upawa mkononi.

"Haonji mtu mchuzi kabla ya kumtazama Stergios! Simu juu! Na wewe, baba padri, usijifiche!"

Walicheka, lakini njaa haina ubishi. Wakafungua, wakapakuliwa.

Jioni video ilifunguka papo hapo. Stergios alijaza mashavu, akapiga. Kisha picha ikaganda. Polikseni aliitikisa simu. Alikijua kilichobaki: Stergios anashusha klarineti, anatazama kamera na kusema, "Polikseni, njoo tucheze."

Apostolis, aliyeketi kando yake, aliinamisha kichwa. "Sanduku huhesabu video kipande kwa kipande. Wametazama mwanzo tu, shangazi, wakapata nyama, wakaacha. Mwisho hakuuomba mtu."

Polikseni aliinuka. Wameshiba mbuzi wake, wakashindwa kungoja mumewe amwite! Alishuka uwanjani, ambako watu walikuwa wakicheza ngoma, akampokonya mwimbaji kipaza sauti.

"Mbuzi wa kesho hajachinjwa," alisema, "na kisu ninacho mimi. Leteni simu zenu. Safari hii mtatazama mpaka aniite."