Tome ya mwisho imeleta biti ya kilio kwetu

Bandugu, leo nimeita bantu ku kilio na hakuna muntu alikufa!

Nilikuwa ku barza nasoma tome ya tano, kitabu ya mwisho kabisa ya hadisi ya Sifa. Sifa, ule binti wa muji, bachawi balimwiba kivuli tangu tome ya kwanza. Miaka tatu mi nangojea tu!

Page ya mwisho, jua inatoka. Sifa anaangalia chini...

Kivuli iko pale!

Nikapiga kelele: «Mama yangu eeee! Sifa eeee!»

Sasa munajua, kwetu Kamalondo kelele ya vile ni ya kufiwa.

Jirani yetu Mama Ngoie akaingia wa kwanza, kikwembe amefunga kiunoni, kiti ku kichwa. Nyuma yake bamama ine, kila mumoja na kiti yake ya kukalia ku kilio.

«Sifa ni nani? Amekufa na nini?»

«Mama, pardon... iko mu kitabu. Amepata kivuli yake.»

Nikasema mu roho: leo nitapigwa.

Mama Ngoie akashusha kiti, akakaa.

«Biti tumeshaleta. Anza kutusomea ku tome ya kwanza.»

Sasa tuko ku tome ya tatu, bamama bote banalia kweli kweli.

Kama uko karibu, kuya na kiti yako.