Nadhiri ya Misikiti Mitatu

Bi Esha wa Lamu mjini si mtu wa kusahau. Akikuazima ungo, mwakani atakukumbusha siku na saa. Lakini jambo moja, zito kuliko yote, lilikuwa limemtoka kichwani, na kwa miaka tisa likamnyima raha.

Mwanawe Hamdun alipotea baharini siku nne, mashine ya boti imekufa. Katika kilio chake Bi Esha akaweka nadhiri: akirudi mzima, atakwenda kisiwani Pate kuswali rakaa mbili katika msikiti wa kale. Akautaja msikiti wenyewe. Hamdun akarudi, midomo imepasuka kwa kiu, na katika furaha ile jina likampotea mama. Safaa, dada yake Bi Esha, aliyekuwa pale akisikia, naye hakulishika, kisha akafa. Ahadi ni deni, na Mdai wa hili si wa kuchezewa. Hamdun akikohoa tu huko Mombasa, mama halali.

Mwishowe akaamua. Misikiti ambayo huenda mmoja wao ndio alioutaja ni mitatu, wa mji wa Pate, wa Siyu na wa Shanga: basi ataswali katika yote. Akapanda boti ya asubuhi hadi Mtangawanda, bandari ya kisiwa kile, akamkodi Ubaid wa Chundwa na tuktuk yake kwa siku nzima.

"Watu huja na kamera, Bi," Ubaid akamtania. "Wewe waja na mkeka!"

"Endesha, mwanangu. Na huo muziki uzime."

Pate aliswali kwenye magofu, katikati ya mashamba ya tumbaku, akapiga chafya hadi kwenye sijda. Siyu aliswali, akakataa, kwa kuogopa kuchelewa, chakula cha wenyeji waliomng'ang'ania, jambo ambalo kwa mwanamke wa Lamu ni aibu tupu. Moyo ukabaki mzito vilevile.

Wakielekea Shanga, tuktuk ikazama mchangani. Saa nane ilikwishapita, na boti ya kurudi huondoka saa kumi.

"Miwili yatosha, Bi. Mngu ni mwenye kusamehe."

"Na kama ni huu wa tatu? Nionyesha ndia."

Magoti ya Bi Esha yalikuwa yameshastaafu zamani, na mkono wa mwanamume asiye wake hakuwa tayari kuushika. Basi wakaukunja mkeka, Ubaid akashika ncha ya mbele, yeye ya nyuma, wakaenda hivyo kichakani, mmoja akivuta na mwingine akivuta uradi. Mara mbili alianguka. Mara zote mbili alimgombeza Ubaid, ambaye hakuwa na kosa lolote.

Walipofika, akatandaza mkeka mbele ya mihrabu iliyobomoka, akaswali akiwa ameketi kwa kuwa miguu iligoma. Alipotoa salamu alilia kwa sauti, bila haya, na Ubaid akageuka kutazama mikoko.

"Miaka tisa nikimwona Hamdun kama nimeazimwa," akasema. "Yeo ni wangu."

"Bi, boti..."

"Boti na ende. Kwenu Chundwa hakuna mahali pa kulala mgeni?"

Ubaid akacheka, akasema mamake angefurahi. Bi Esha akatoa simu, akampigia Hamdun, ambaye alipoiona namba ya mama mchana ule, saa za kazi, alishtuka.

"Mama! Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mwanangu," akasema Bi Esha, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa ilikuwa kweli.