Waya Uliokuwa Darini kwa Sista

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, na umeme umezimwa nyumba nzima. Fundi amesimama juu ya ngazi katikati ya korido, kichwa na mabega vimezama darini, kinachoonekana ni kuanzia kiunoni kwenda chini. Bibi mwenye nyumba ameegemea fremu yake ya kutembelea, anaongea na viatu.

"Umeuona huo waya?"

"Bado, Mama. Huku kuna vumbi la tangu nyumba inajengwa."

"Basi usipige chafya, utaniangushia dari."

Mtaani fundi huyu wanamwita Testa, kwa sababu bisibisi yake ya kupimia umeme haibanduki nyuma ya sikio, hata akienda msibani. Ana miaka arobaini na mitatu, watoto wawili, na miaka kumi na tisa katika kazi ya umeme. Wiki nzuri humpa nyumba tatu. Wiki mbaya humpa pasi mbovu na maneno ya asante.

"Wapo wanaonifungulia mlango, wakiona mwanamke wananiuliza fundi mwenyewe yuko wapi," anasema. "Nawaambia yuko njiani. Halafu naingia nafanya kazi."

Bibi mwenyewe ni muuguzi mstaafu. Majirani bado wanamwita Sista, na bado wanamgongea mtoto akipandwa na homa. Mwaka jana kiharusi kilimpitia, kikamwachia mkono na mguu wa kulia mzito. Kisha, miezi miwili iliyopita, alitoka chumbani usiku kwenda msalani. Swichi ya korido iko mwisho kabisa wa korido, karibu na jiko, kwa hiyo alitembea gizani kuifuata taa. Hakuifikia. Alilala sakafuni mpaka jirani alipokuja kuulizia maziwa.

Tangu siku hiyo mwanawe wa kiume, anayeishi mji mwingine, amemtayarishia chumba. Binti yake, aliye kazini ng'ambo, alikuwa na wazo jingine. Alilipia katika duka moja la mjini swichi janja nane, zile za kuwashwa kwa simu au kwa kirimoti kidogo, mtu akiwa amekaa kitandani. Akambembeleza kaka yake asubiri. Kaka akakubali kwa sharti: akija Jumapili akute zote nane zinafanya kazi, la sivyo mama anapanda gari.

Sista hana ugomvi na chumba hicho. Humsifu mke wa mwanawe kwa kila anayemsikiliza. "Lakini kule nikitaka chai lazima niombe," anasema. "Hapa naipika mwenyewe, hata ikinichukua saa nzima. Saa zangu ninazo."

Testa alikuja Jumatatu kukagua. Akafungua swichi ya sebuleni, akakuta nyaya safi, na nyutro ipo. Hapo ndipo penye utamu na uchungu wa habari hii. Swichi ya kawaida hutosheka na nyaya mbili, ule wa moto unaoleta umeme na ule unaoupeleka kwenye taa. Swichi janja inataka na wa tatu, nyutro, kwa sababu lazima yenyewe iwe macho wakati wote, hata taa ikiwa imezimwa. Testa aliiona nyutro, akafunga, akampigia binti simu kumwambia asiwe na wasiwasi.

Hakujua kwamba sebule iliongezwa baadaye sana, na nyumba iliyobaki ni ya zamani kweli. Alhamisi akafungua korido. Nyaya mbili na ule wa ardhi, nyutro hakuna. Jikoni, mbili. Chumbani, mbili.

"Nilifungua kisanduku kimoja nikaapia nyumba nzima," anasema, wala hatafuti kisingizio. "Mwanagenzi wa wiki ya kwanza angenifanyia hivyo ningemtimua."

Kubomoa kuta apitishe nyaya mpya kungechukua wiki mbili. Akampigia fundi mwenzake, naye akampa njia ya mkato: chukua waya wa ardhi uutumie kama nyutro, swichi itawaka, nani atajua? Ni kweli ingewaka. Lakini waya wa ardhi umewekwa ili kumwokoa mtu panapotokea hitilafu, na ukibebeshwa umeme kila siku, siku ukikatika mahali unageuka kuwa mtego. Mjomba wake Testa, aliyemfundisha kazi hii, alirushwa na mtego kama huo uliotegwa na fundi mwingine. Alianguka kutoka darini, na mpaka leo vidole vyake vya mkono wa kushoto havikunjiki.

"Kila nikimwona anashika kikombe kwa shida," anasema Testa, "namkumbuka mtu aliyesema nani atajua."

Ikabidi aseme ukweli. Aliketi jikoni kwa Sista, akamweleza kwamba amekosea, na kwamba haoni namna ya kumaliza kabla ya Jumapili. Aliona aibu hata kunyanyua macho. Sista akasimulia kwamba katika mwaka wake wa kwanza wodini alimfunga mgonjwa bendeji kwenye mguu usiouma, na mgonjwa akamtazama tu mpaka akamaliza. Alifungua, akafunga upya.

Halafu akauliza: "Huo waya unaokosekana ukutani, taa yenyewe inaupata wapi?"

Testa anacheka akikumbuka. Bila nyutro taa isingewaka hata siku moja, hilo analijua kama jina lake. Lakini swichi zilitengenezwa kwa ajili ya ukutani, naye alishinda siku nzima akibishana na ukuta. Katika nyumba nyingi za zamani umeme hupita kwanza kwenye taa, kule juu, ndipo unashuka kwenye swichi. Nyutro ilikuwa darini miaka yote.

Ijumaa alibakiza swichi moja ya sebuleni, penye nyutro, akazirudisha dukani saba zikiwa hazijafunguliwa. Mwenye duka alinung'unika, kisha akambadilishia na vifaa vidogo, kila kimoja kama kiberiti, vinavyojificha darini kando ya taa. Swichi za zamani zinabaki ukutani na zinaendelea kutumika.

Sasa, juu ya ngazi, sauti inatoka darini: "Nimeuona!" Saa kumi jioni zote nane zinaitika.

Jumapili mwana anafika na masanduku mawili matupu. Anafunga mapazia, anaketi kitandani kwa mama yake, anabonyeza kirimoti. Korido inawaka mpaka jikoni. Anakwenda kuizima ukutani, anarudi, anabonyeza tena. Inawaka. Anajaribu zote, moja moja, uso umekaza, mpaka anaishiwa na taa.

"Chumba bado kipo, Mama," anasema hatimaye.

"Kipangishe."

Mwana anacheka, kisha anajifuta macho, na hakuna anayemuuliza sababu.

Testa anakunja ngazi yake. Mfukoni ana karatasi aliyopewa na Sista, yenye orodha ya wauguzi wenzake kumi na mmoja waliostaafu. Wote wanaishi peke yao, katika nyumba za umri ule ule. Kesho anaanza na mkunga mmoja mtaa wa pili, na anataka mwaka usiishe kabla hajawamaliza.

"Wengine watoto wao wameshawaandalia vyumba," anasema. "Inabidi niwawahi."