Vioo vya Madam

Kazi ya mwisho ambayo mke wangu alinituma ilikuwa kuchukua vioo vya simu vilivyopasuka. Chuoni alitafiti fuwele za kimiminika, ule ute unaotoa picha ndani ya kioo. Wiki hiyo hiyo akafariki.

Mwezi uliofuata, nikipita Nakivubo, hapa Kampala, fundi wake wa simu, Mkongomani, aliniita kibandani kwake.

"Mzee, vioo vya madam! Nimeandika kila moja ilipasuka namna gani."

Kimoja, aliandika, kilikaliwa kanisani.

Mteja mmoja aliyesubiri simu yake akacheka. "Hata takataka unamuwekea profesa?"

"Ni yeye tu ananiulizaka ilipasuka je. Nyie munaulizaka bei. Mzee, mbona haji?"

"Ana kazi nyingi," nikajibu. Wasomaji, nina shahada mbili, lakini neno moja lilinishinda.

Kesho yake asubuhi nilirudi, nikamwambia kabla hajafungua kibanda.