Dishi la Nondo

Miaka ya tisini ilipoanza, Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Aliyetaka picha alizitafuta angani kwa dishi kubwa la kuletwa kutoka ng'ambo, na pale Shinyanga mjini madishi hayo yalikuwa kwenye nyumba za wafanyabiashara wachache tu. Mimi nilikuwa fundi redio katika duka la mzee mmoja wa Kihindi. Siku aliponipandisha paani kwake kufunga dishi lake, niliona kwamba sehemu kubwa ya kitu kile ni wavu wa chuma uliokunjwa vizuri. Kichwa cha kunasia mawimbi na risiva vilitoka kiwandani kweli, hivyo sikuviweza. Lakini wavu ningeuweza.

Nikamwendea baba mdogo, aliyekuwa akichomelea mageti nyuma ya stendi. Nilimchorea ule mkunjo sakafuni kwa mkaa, naye akautazama bila kucheka, jambo lililonitia moyo kuliko maneno.

Dishi la kwanza tulilikunja kwa macho tu, na kwenye televisheni zikaja chenga tupu. Kwetu ikweta iko karibu, dishi hulazimika kutazama juu sana, kwa hiyo majirani wakauliza kama tunakinga mvua. Baba yangu alikuja kutoka kijijini Samuye, alikolima pamba, kunisihi niache. Aliniambia kwa upole kwamba mambo ya setilaiti ni ya watu wenye nchi zao.

“Baba,” nikamjibu, “hiyo setilaiti inapitisha mawimbi yake juu ya pamba yako, na haikukuomba ruhusa.”

Sikuwahi kumjibu hivyo kabla.

La pili tulilifanya kwa kalibu, umbo la kukunjia chuma. Nilikata ubao kwa mkunjo nilioukokotoa safari hii kwa hesabu, tukaufunga kwenye bomba lililosimama katikati, kisha tukauzungusha juu ya saruji mbichi mpaka ikawa kama bakuli pana. Ilipokauka tukakunjia nondo humo, tukatandaza wavu. Asubuhi moja picha ikatokea: mwanamke anasoma habari kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua pale uani. Baba mdogo aliketi juu ya pipa akamsikiliza mpaka mwisho, kama vile anaelewa.

Habari zikasambaa. Mnunuzi mmoja wa dhahabu aliyekuwa na nyumba ya wageni Kharumwa, kwenye machimbo, akataka dishi letu. Hapo ndipo muuzaji wa madishi ya ng'ambo, aliyekuwa akija kutoka Dar es Salaam, alipomwambia tajiri wangu kwamba nikiendelea na vyuma vyangu hatamletea mzigo tena. Mzee aliniita, akaniomba nichague. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na hofu tu. Nilimshukuru, nikafungasha vifaa vyangu, nikaondoka mchana uleule. Risiva nikawa nauziwa na mkewe, kwa mlango wa uani.

Kharumwa tulifika na dishi likiwa vipande vipande juu ya lori la pumba. Wachimbaji wakatuzunguka, miguu yao ina tope jekundu. Muuzaji naye alikuwepo, amekuja kumshawishi mwenye nyumba abadili mawazo. Alisimama karibu na jenereta akaniambia kwa sauti ya kusikika na wote, “Dada, hili si geti. Anga ina wenyewe.”

“Nionyeshe uzio wake,” nikamwambia.

Nikampa mgongo, nikaendelea kukaza nati. Tukaligeuza dishi kidogo kidogo huku baba mdogo akinipazia sauti kutoka ndani. Chenga. Chenga. Halafu uwanja wa mpira, watu wakikimbia, na kelele za wachimbaji zikafunika jenereta.

Muuzaji alisema upepo wa mvua za kwanza utaling'oa. Uliling'oa kweli. Tukarudi, tukaongeza nyaya za kulishikilia na kuimimina upya zege ya mguu wake, na safari hiyo likabaki.

Baada ya hapo watu wa Geita walianza kututafuta wenyewe. Tukaajiri wasichana wawili wa kusuka wavu, mmoja wao baadaye akawa mchomeleaji hodari. Ndipo nilipokwenda kusajili karakana. Ofisa aliniuliza kazi yetu ni nini, na kabla sijajibu akaanza kuandika uchomeleaji.

Nilimwomba alikate neno hilo. Nikamwambia aandike: utengenezaji wa vifaa vya mawasiliano ya setilaiti.

Alicheka, akaniuliza kama nina roketi. Nikamwambia sina, ila waliokuwa nazo walianza na chuma na moto kama sisi. Akaniambia nirudi kesho. Nikavuta kiti, nikaketi mbele ya meza yake, watu nyuma yangu wakaanza kunung'unika. Kesho sikuwa nayo, nilikuwa na dishi la kupeleka Geita. Hatimaye akachukua kalamu, akaniomba nimtajie tena, taratibu, neno baada ya neno.